Waliosimamishwa na Walioondolewa: Sanamu na Minara ya Nairobi

Mgeni anayefika Nairobi hupelekwa kwanza kuwaona simba na twiga, na wala si ajabu, kwa kuwa ni miji mikuu michache mno duniani iliyo na mbuga ya wanyama ndani ya mipaka yake. Mimi ninapoombwa na mgeni nimtembeze, humpeleka kwanza katikati ya jiji, kwa miguu, tukazitazame sanamu na minara ya kumbukumbu ambayo wakazi wengi huipita kila siku wakikimbilia matatu bila hata kuinua macho. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Tangu wakati huo imekuwa mikononi mwa tawala zisizofanana hata kidogo, na kila utawala umejichagulia nani akumbukwe na nani asahauliwe. Ukizitazama kumbukumbu hizi kwa kufuata miaka yake, si kwa ukaribu wake kwenye ramani, utaona kwamba waliotawala walijisimamishia zao mapema, na waliopigana nao walisubiri nusu karne.

Ya kale zaidi niijuayo ilikuwa katika Bustani ya Jeevanjee, nayo ni sanamu ya Malkia Victoria iliyozinduliwa mwaka 1906. Aliyeitoa hakuwa gavana wala ofisa wa Kiingereza, bali Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyejitajirisha kwa kandarasi za reli, naye ndiye aliyewapa wakazi wa mji bustani yenyewe. Ilipofika mwaka 1991 kukawa na mpango wa kuigeuza bustani hiyo kuwa maegesho ya magari na majengo ya biashara, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani hadi mpango ukaanguka. Sanamu haikuwa na bahati kama ya bustani, kwani mwaka 2015 watu waliiangusha na kuikata kichwa. Hata hivyo, nenda saa za chakula cha mchana. Utawakuta wahubiri wakishindana kwa sauti, wasikilizaji wamelala nyasini, na wapiga picha wakitafuta wateja, na utaelewa kwa nini watu waliipigania.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Kenyatta Avenue, palipo na Mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1928. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, yuleyule aliyechonga sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ila ya Dar es Salaam ina askari mmoja aliyeelekeza bunduki mbele, na hii ya Nairobi ina watu watatu wa shaba, mpagazi akiwa miongoni mwao. Maandishi yake, ambayo mwisho wake ulitungwa na Rudyard Kipling, yanawakumbuka wanajeshi Waafrika waliopigana katika Vita Vikuu vya Kwanza pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapo ndipo mimi husimama kwa muda mrefu kuliko kwingine. Wapagazi waliokufa katika vita vile walikuwa makumi ya maelfu, wengi wao wakiuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi, na mnara unaoahidi kukumbuka majina hauna hata jina moja la mmoja wao.

Barabara hiyohiyo iliitwa Delamere Avenue enzi za ukoloni, na katikati yake palikuwa na sanamu kubwa ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kizungu, iliyochongwa na Kathleen Scott, mjane wa Robert Falcon Scott, mvumbuzi wa Ncha ya Kusini. Uhuru ulipokaribia iliondolewa na kupelekwa Soysambu, kwenye shamba la familia yake karibu na Ziwa Elmenteita. Haikuvunjwa. Ilihamishwa kwa adabu, jambo linaloeleza mengi kuhusu namna Kenya ilivyoachana na mabwana wake wa zamani. Lililobaki barabarani hapo ni mnara mdogo wa Galton-Fenzi, kwenye makutano na Koinange Street, unaomkumbuka mtu aliyehimiza safari za magari Afrika Mashariki na unaoonyesha umbali wa kwenda miji mbalimbali. Wapitao wengi hudhani ni nguzo tu ya barabara.

Maktaba ya McMillan, nyuma ya Msikiti wa Jamia, nayo haifai kupitwa, ingawa si mnara. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mwenye asili ya Marekani, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Simba wawili wa mawe bado wanalinda mlango, na wanaoingia leo ni wanafunzi wa aina zote.

Sasa tuje kwenye kipindi cha Uhuru. Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, ambalo kila mtu analiita KICC, lilibuniwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Lilianza kama mpango wa makao makuu ya chama cha KANU, likakua ghorofa hadi ghorofa kadiri mipango ilivyobadilika, na lilikamilika mwaka 1973, mwaka ambao Nairobi iliandaa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Lina urefu wa mita 105. Lipa kiingilio, kisha panda hadi juu ya paa, na uchague siku isiyo na mawingu, kwa kuwa ukiwa pale utaliona jiji lote pamoja na mbuga, na asubuhi angavu hata Mlima Kenya.

Uwanjani mbele ya jumba ameketi Mzee Jomo Kenyatta wa shaba, kazi ya Mwingereza James Butler, iliyowekwa mwaka uleule wa 1973, Mzee mwenyewe akiwa hai na madarakani. Sanamu hii imewahi kufikishwa mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu, na noti mpya zilipotolewa mwaka 2019 zilikuwa na picha ya KICC, sanamu ya Mzee ikionekana mbele yake. Mwanaharakati Okiya Omtatah alishtaki, akidai kwamba sura iliyofukuzwa mlangoni imerudi kupitia dirishani. Upande wa pili ulijibu kwamba noti inaonyesha jengo, na sanamu ni sehemu ya jengo hilo. Mahakama Kuu iliitupa kesi, na noti zimo mifukoni mwetu hadi leo. Kwa maoni yangu hoja ya Omtatah ilikuwa na uzito zaidi ya uliokubaliwa, lakini mgeni anaweza kutoa noti mfukoni, kuilinganisha na kilicho mbele yake, na kujiamulia mwenyewe. Kaburi la Mzee liko hatua chache kutoka hapo, katika viwanja vya Bunge, chini ya ulinzi. Mtazamaji wa kawaida huliona kutoka nje ya uzio, na si busara kuinua kamera pale bila kuuliza.

Aliyemfuata, Daniel arap Moi, naye alijikumbuka mapema. Katika Central Park, ng'ambo ya barabara kutoka Uhuru Park, upo Mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, uliojengwa kuadhimisha miaka kumi ya utawala wake: mkono mkubwa unachomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya ukiwa umeshika rungu. Sijui kazi nyingine ya sanaa nchini inayousema ukweli wa zama zake waziwazi namna hiyo, ingawa sidhani kwamba hilo ndilo lililokusudiwa.

Vuka barabara uingie Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Kenyatta mwaka 1969, kisha uulizie Freedom Corner, kona iliyo upande wa Kanisa la All Saints. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga katika bustani hii jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya Moi. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua huku na huko kupinga, akatukanwa bungeni, akafukuzwa kwenye ofisi alizokuwa akizitumia, na mwishowe wafadhili wakajitoa na mpango ukafa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika kona hiyohiyo wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia kwa virungu na gesi ya machozi, baadhi ya akina mama hao walivua nguo zao mbele ya askari, na kwa mila zetu hakuna laana inayozidi hiyo. Baadaye walihifadhiwa kanisani, wakaendelea na mgomo wao hadi karibu wafungwa wote walipotoka. Mgeni akitazama ataona nyasi na miti tu. Nami husisitiza apaone, kwa kuwa hapa kilichozuiwa kujengwa ndicho kumbukumbu yenyewe.

Kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue iko Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, mahali ulipokuwa ubalozi wa Marekani ulioshambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ileile Dar es Salaam iliposhambuliwa. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Jengo jirani la Ufundi liliporomoka lote. Majina ya waliofariki yamechorwa ukutani, moja baada ya jingine, na ukitoka kwenye Mnara wa Askari moja kwa moja hadi hapa, tofauti hiyo haihitaji kuelezwa. Kuna kiingilio kidogo na chumba cha maonyesho.

Marufuku iliyowekwa na wakoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa rasmi mwaka 2003, yaani miaka 40 baada ya Uhuru. Ndiyo maana sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilichelewa hivyo. Ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, siku ilipotimia miaka 50 tangu Kimathi aliponyongwa katika gereza la Kamiti na kuzikwa humohumo katika kaburi lisilo na alama. Kimathi wa Kevin Oduor amesimama, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine, kwenye barabara yenye jina lake. Kenyatta ameketi umbali wa dakika chache za kutembea. Wenyeji wa mji huu wamekwisha kusema utani wote unaowezekana juu ya jambo hilo.

Tom Mboya alipata yake mwaka 2011, kwenye Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa, akiwa waziri wa mipango ya uchumi na hajatimiza miaka 39. Ndege aina ya heroe wanaomzunguka miguuni huwakumbusha watazamaji safari za wanafunzi aliowapeleka vyuo vya Marekani kuanzia mwaka 1959. Pamekuwa mahali pa watu kukutana, kiasi kwamba wengi wanaoagana kuonana "kwa Tom Mboya" hawajawahi kuisoma sanamu yenyewe.

Mwaka 2015 Freedom Corner ilipata mnara wake wa Mau Mau, uliogharimiwa na serikali ya Uingereza kama sehemu ya mapatano ya mwaka 2013 na wazee zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiwa ameangalia pembeni, ili akikamatwa asiweze kumtambulisha mwenzake. Kwangu hii ndiyo sanamu bora kuliko zote jijini, kwa sababu inaeleza jinsi vita vile vilivyoendeshwa badala ya kumtukuza mtu. Lakini mwanamke huyo hana jina. Katika njia yote niliyoieleza, mwanamke pekee aliyewahi kuwa na sanamu inayomtaja kwa jina ni Malkia Victoria.

Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata, ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Panahitaji safari ya gari na nusu siku. Nitakakompeleka mgeni mwenye siku moja tu si huko, bali Nairobi Gallery, jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambamo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Humo imo sehemu ya hazina ya sanaa iliyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyeng'atuka mwaka 1966 baada ya miezi michache madarakani. Kisha tutapanda matatu hadi City Park, alikozikwa pamoja na mkewe Sheila, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyeuawa kwa risasi mwezi Februari 1965. Makaburi hayo yamezungukwa na sanamu za wachongaji wa Kiafrika, akiwemo Elkana Ong'esa, na kwa kawaida hakuna foleni. Nendeni asubuhi, na msibebe ndizi mkononi, maana kima wa City Park hawana desturi ya kuomba.