Anwani ya Nyumbani

Swali lililonishinda London halikuwa gumu. Mama mmoja wa makamo, mhudumu wa jumba la nyaraka, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, aliniuliza: unaishi wapi?

Nikamjibu, Mombasa. Akatabasamu kwa adabu, akaniambia hilo amekwisha liona kwenye pasipoti. Alitaka mtaa, nambari ya nyumba, na karatasi ya karibuni yenye jina langu na hivyo viwili pamoja.

Wiki mbili za kwanza za safari hii sitazisimulia. Nilikwenda kwa mahafali ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, tukapiga picha za kutosha ukoo mzima, nikavaa sweta mwezi wa Juni. Pauni moja ilikuwa kama shilingi 170, nami kila nilipoona bei nilizidisha kimoyomoyo mpaka hamu ya kula ikanitoka. Kulikuwa na mkate wenye vipande viwili vya yai ndani kwa bei ambayo nyumbani ungenunua trei nzima la mayai na chenji ikabaki.

Siku zangu tatu za mwisho nilizitenga kwa ajili ya babu. Babu mzaa mama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, na miaka ya mwisho ya hamsini aliajiriwa na serikali ya mkoloni huko Hola, ukingoni mwa Mto Tana. Kazi yake ilikuwa ya maji, kuyabeba na kuyagawa. Basi. Ukimwuliza zaidi atakwambia Hola kuna joto, kisha atadai chai. Ila alikuwa na neno moja alilolirudia bila kuulizwa, hata kwenye matanga ya watu: "Maji ya Hola yalikuwa safi." Sisi wajukuu tukalifanya utani. Mtu akimwaga uji, "Maji ya Hola yalikuwa safi!" Alikufa 1994 tukiwa bado tunacheka.

Ndipo nikafika Kew, magharibi mwa London, zinakotunzwa nyaraka za taifa la Uingereza. Unashuka treni ya laini ya District, unatembea kidogo kupita nyumba za watu zenye maua mlangoni, unakuta jumba kubwa la zege na bwawa mbele yake, mabata wanaelea. Nilitaka kadi ya msomaji, maana bila hiyo huletewi jalada lolote la asili.

Kosa lilikuwa langu. Mpwa wangu alinitumia masharti wiki nzima kabla. Nikasoma la kwamba ndani haiingii kalamu ya wino, ni penseli tu, nikaona nimeelewa. La uthibitisho wa makazi nililiruka.

Nikaanza kujitafuta. Leseni ya kuendesha gari haina mtaa. Bili ya stima sina, natumia tokeni, na mita yenyewe iko kwa jina la mwenye nyumba. Bili ya maji haipo kwa sababu maji yenyewe hayapo, tunanunua ya mkokoteni. Barua za benki zinakuja kwa sanduku la posta la shule ninayofundisha. Nyumbani kwangu wageni hufika bila taabu: shukia stejini, pita msikiti, kata kushoto penye mwuza mbao, uliza nyumba ya mwalimu. Nilijaribu kumweleza yule mama hayo. Alisikiliza mpaka kwa mwuza mbao, na nadhani alianza kuipenda nyumba yangu, lakini huyo hakuwa na nafasi kwenye fomu.

Nikampigia mpwa wangu kazini. "Mjomba, huku bila karatasi ya nyumba wewe huonekani," akasema, na nikasikia anajizuia kucheka. Akaniamuru nifungue programu ya benki kwenye simu, nishushe taarifa ya miezi mitatu, nimtumie. Intaneti ikakwama. Nikakaa kwenye benchi na chai ya pauni tatu iliyopoa kabla sijaionja.

Pale bencini nilikifikiria kipande cha babu. Sheria yake ilitungwa 1915, ikaanza kubana baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika atembee na karatasi yenye jina, kabila, wilaya, alama za vidole, ameajiriwa na nani na kwa mshahara gani. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Nikatazama miwani ya yule mama inavyoning'inia. Babu yangu, ambaye hakujua kusoma, serikali yao ilijua alikolala. Mimi mwenye shahada mbili nimekuja na mwuza mbao.

Taarifa ya benki ikafika, ina sanduku la posta na jina la mji. Yule mama akamwita mwenzake, wakainamia kioo cha simu pamoja, wakaulizana. Nikapigwa picha. Kadi ikatoka saa saba na nusu, saa tatu baada ya kufika kwangu.

Ndani ni kimya. Mizigo inabaki kabatini, vitu vyako unavibeba kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha macho. Jalada linalazwa juu ya sponji kama mgonjwa. Karatasi zimeshonwa pembeni kwa uzi wenye ncha za chuma, na kila ukifunua zinatoa harufu ya kabati la nguo lililofungwa muda mrefu.

Nilisoma kuhusu tarehe 3 Machi 1959. Wafungwa wa kizuizini, walioshukiwa kuwa Mau Mau, walipelekwa kwa nguvu kwenye kazi ya shamba kambini Hola, wakapigwa marungu, na 11 wakafa. Kisha nikaifikia taarifa ambayo serikali ya koloni iliwapa kwanza wenye magazeti. Ilisema watu hao wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Nikaisoma tena. Uchunguzi wa miili ulikuja kuonyesha ni kipigo. Lakini kwa siku kadhaa, kwa maandishi ya serikali, mwuaji alikuwa maji.

Sijui nilikaa vile muda gani. Penseli ilianguka, mzungu wa meza ya pili akaniokotea.

Kurasa nilizozifikia zina maofisa kwa majina na vyeo. Mtu wa maji hana jina. Nami hapo sikutegemea sana, kwa kuwa niliyajua mambo ya Hanslope Park, kituo cha serikali kilichofichwa majalada ya makoloni. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakidai fidia ya mateso, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeweka huko majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37, ya Kenya peke yake yapata 1,500. Mmoja wa wazee hao, Wambugu wa Nyingi, alinusurika Hola. Miaka yote alikuwa akisimulia, na walioambiwa wakasubiri karatasi. Mwaka 2013 yakaja majuto na pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Majalada hayo ya Hanslope ni yaliyobaki tu. Mengine yalichomwa kabla ya uhuru kwa maagizo yaliyoandikwa vizuri sana: majivu nayo yavunjwevunjwe, na yasiyochomeka yatiwe kwenye makasha mazito na kuzamishwa baharini, penye kina, pasipo mkondo, mbali na pwani. Majalada fulani yaligongwa herufi W, yashikwe na ofisa wa asili ya Ulaya tu. Hata karani Mwafrika aliyekuwa akiyapanga miaka yote akaambiwa kaa kando.

Nilipiga picha ile taarifa ya maji. Usiku nikamtumia mama. Akajibu asubuhi: "Ulikuwa unacheka na wewe."

Ndege ilitua Nairobi kukiwa na mvua. Basi la Mombasa lilikuwa la usiku, nauli imepanda kwa sababu ambazo kondakta hakuona haja ya kuzieleza. Rafiki yangu wa chuo akataka tuonane. "Wapi?" "Archives, kama kawaida." Nairobi nzima hukutana pale, kwenye lile jengo la nyaraka za taifa la Kenya lililokuwa benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wapenzi, madalali, wanaodaiana. Mimi mwenyewe nimesimama pale mara mia, mgongo ukiwa mlangoni.

Rafiki alichelewa. Mvua ikazidi. Nikaingia, nikaandika jina langu kwenye kitabu, nikauliza mambo ya Tana River yako ghorofa gani. Simu ikalia.

"Uko wapi? Niko hapa Archives sikuoni."

"Niko ndani."

"Ndani wapi?"