Uwanja wa gofu ambao haupo popote, nimeupiga raundi tano

Wiki iliyopita nimeshusha uwanja mmoja kwenye PGA Tour 2K23, gemu ya gofu ya kompyuta, sio uwanja wa kweli, kuna jamaa kautunga kichwani mwake tu, kaupa bahari upande wa magharibi, matuta ya mchanga na nyasi zilizokauka rangi ya simba kama viwanja vya pwani ya Scotland, na ukiona picha tu unasema huyu mtu ana jicho. Jina la uwanja sitalitaja na lake pia basi, maana humu nitasema mpaka mabaya, na mtu kakesha anapanda nyasi na kuchimba mabanka (mitego ya mchanga) bila kulipwa hata mia, sio fresh kumuanika.

Mimi uwanja wa kubuni siuamini raundi ya kwanza. Raundi ya kwanza unalewa mandhari, jua linazama, ndege wanalia, unapiga picha kila shimo. Ya pili nahamia tii (sehemu za kuanzia kupiga) za nyuma kabisa, ya tatu naongeza upepo, halafu ya nne ndo yenyewe: napiga vibaya makusudi. Kila draivu, yaani pigo la kwanza la mbali, naipeleka pembeni nione uwanja unanifanyaje, unaniadhibu kiasi cha kosa langu au unaniua kabisa, au (hii ndo mbaya kuliko zote) haunifanyi kitu.

Shimo la 4 nusura linifanye niufute uwanja mzima. Ni pa 4, yaani la kumalizwa kwa mipigo minne, yadi 412, na katikati kabisa ya feawei, ile njia ya nyasi fupi, kama yadi 270 kutoka tii, kaweka banka. Katikati jamani! Draivu yangu nzuri kuliko zote siku hiyo, imenyooka kama rula, ikatumbukia humo na ukuta wa banka mrefu hivi kwamba nikatoa mpira kwa kuupigia pembeni tu. Nikatukana. Raundi ya pili nikapita kushoto kulikokuwa na nafasi ya kugeuza lori, nikafurahi, nikafika kwenye mpira nikakuta grini, pale penye bendera na kitundu, imenigeuzia mgongo, mbele yake kuna banka lingine na nyuma inateremka, yaani hata ukipiga vipi mpira hausimami. Ndo nikashtuka. Kulia mwa lile banka la katikati kuna kichochoro cha kama yadi 20 kati ya banka na tuta, ukithubutu kupita hapo grini yote inakufungukia mbele kama mlango. Kwa hiyo lile banka halikuwekwa kunikomoa, lilikuwa linaniuliza swali na mimi nilikuwa sijasikia. Raundi tatu nimepiga ndo nikaelewa, na shimo linalokufanya ulitukane halafu uombe msamaha hilo ndo shimo.

Sasa shimo la 7. Hapa jamaa kaiga Redan, lile shimo la 15 la North Berwick kule Scotland, ambalo wachoraji wa viwanja wameliiga zaidi ya miaka mia sasa. Ujanja wake ni kwamba grini imekaa mshazari na inateremka kwenda nyuma kushoto, hivyo hulengi bendera, unaangusha mpira mbele kulia halafu unauacha ujiendee wenyewe taratibu mpaka shimoni. Wazo kalichukua vizuri, mteremko kauzidisha. Grini zake kaziweka spidi kubwa, na kwa spidi ile mpira unatua pale pale unapotakiwa, unakunja kushoto vizuri, unaipita bendera, unaendelea, unaendelea tu, unaingia banka la nyuma. Nimejaribu mara kumi na kitu, umesimama mara mbili. Angepunguza mteremko nusu, au spidi, angekuwa na pa 3 ya kukumbukwa.

La 13 kuna mti mbele ya tii za nyuma, inaonekana hakuwahi kusimama pale mwenyewe akapiga, nalipita.

Halafu kuna jambo ambalo wengi wanaojenga wanaangukia, vitu. Gemu ina kikomo cha vitu unavyoweza kuweka, sasa mwenzetu kajenga klabu nyuma ya la 18 ina maegesho, magari, mabenchi, miavuli, watu, ukifika la 14 mpaka 16 ardhi imebaki na kipara, matuta hayana hata kichaka, unaona kabisa bajeti iliishia kwenye miavuli. Mimi miavuli sichezi nayo.

Kuna rafiki yangu aliniuliza unahangaika nini kuhakiki uwanja wa kwenye kompyuta na fimbo ya kweli umeishika mara moja tu maishani. Nikamsimulia ya Lido. Ulikuwa uwanja wa kweli wa mchoraji wa viwanja Charles Blair Macdonald, Long Island kule New York, ulifunguliwa 1917, na shimo lake la 18 lilitokana na mchoro alioshinda nao mchoraji mwingine, Alister MacKenzie, kwenye shindano la jarida la Country Life mwaka 1914, yaani shimo la kubuni kabisa. Vita vya pili vya dunia vikaja, jeshi la maji la Marekani likalichukua eneo, uwanja ukapotea. Miaka baadaye shabiki mmoja wa gofu, Peter Flory, akakaa na picha za zamani akaujenga upya ndani ya gemu ya The Golf Club, kaka mkubwa wa hii 2K, studio moja, na kazi yake ile ikatumika kuujenga tena kwenye udongo, Sand Valley huko Wisconsin, chini ya mchoraji wa viwanja Tom Doak, ukafunguliwa 2023. Kutoka karatasini kwenda ardhini, ikafutika, ikaingia kwenye kompyuta, ikarudi ardhini. Rafiki akasema haya bwana.

Uwanja huu nimeupa 7 kwa 10. Ungekuwa 8 na nusu kama sio ile grini ya la 7. Jamaa nimemwandikia kuhusu mteremko na ule mti, kajibu mti anaung'oa, grini haigusi, anasema napiga mpira juu mno, niupige chini uanze kubingirika mapema.

Nimejaribu jana usiku. Umesimama mara nne kati ya sita. Nimekaa kimya tu.