Naingia Dukani na Nati Mfukoni

Spana mbovu mara nyingi ndiyo inayong'aa kuliko zote dukani. Maneno "Chrome Vanadium", jina la aina ya chuma kigumu, nayo hayanibabaishi tena, maana yanagongwa hata kwenye chuma laini kama bati. Ninapokwenda kununua, nachukua nati ya ekseli ya nyuma ya baiskeli na tupa ndogo, basi.

Hapa Kahama baiskeli zetu ni za kazi. Tuna Phoenix ya kubebea maji na mizigo, na mbili za mtumba zenye gia ambazo watoto wanaendea shule. Fundi wa mtaani ni mzuri, ila foleni yake asubuhi ni ya waendesha daladala za baiskeli, wanaobeba abiria, na hao wana haraka kuliko mimi. Ndiyo maana nikaanza kujikusanyia vifaa.

Nati ile ni ya milimita 15. Naivalisha spana, naitikisa. Ikicheza, narudisha, kwa sababu spana inayocheza hula kona za nati, na kona zikishaisha kinachobaki ni patasi na nyundo. Halafu naomba ruhusa, napitisha tupa taratibu pembeni mwa mdomo wa spana. Chuma kilichoivishwa vizuri, tupa inakula kwa shida. Kilicho laini, inang'ata kirahisi na kuacha unga mweupe kwenye kidole. Wauzaji wengine hununa. "Mzee, unanunua au unakagua?" Vyote viwili, kijana wangu.

Nikienda Dar napita eneo la Gerezani, kwenye vifaa vya mtumba vilivyomwagwa juu ya maturubai. Spana ya Gedore ya Ujerumani au KTC ya Japani yenye kutu naichukua nikiwa na amani kuliko seti mpya ndani ya boksi la plastiki. Kutu ya juu inatoka kwa mafuta ya taa na msasa. Mdomo uliopanuka hautengenezeki, kwa hiyo huo ndio ninaoukagua kwanza.

Alenki, zile funguo za pembe sita zinazoingia ndani ya kichwa cha boliti, sinunui za mtumba kabisa. Ncha zake huwa zimeshakuwa mviringo, na boliti ya breki ikishaharibika tundu umejitafutia kazi ya siku nzima. Nimenunua mpya za 4, 5 na 6, moja moja, si seti.

Hela yangu kubwa iliishia kwenye spana ya pedali. Inatakiwa iwe ndefu, ndiyo upate nguvu, na nyembamba ipenye kati ya pedali na mkono wake. Hapo spana ya kawaida haiingii vizuri. (Pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande wa kufungia nati za kawaida. Wengi wanaikaza wakidhani wanaifungua, kisha wanalaumu kutu.) Ufunguo wa spoku nao nilichagua wenye tundu moja linaloshika sawasawa. Yale maduara yenye matundu mengi yanafaa kubebea funguo za nyumba.

Kwingine sijisumbui. Nyundo yoyote inatosha kugonga kotapini, ile pini inayoshikilia mkono wa pedali, mradi chini ya mkono wa pedali umeweka kipande cha bomba kiupokee mshindo. Bila hivyo unazipiga gololi. Mswaki wa zamani husafisha mnyororo. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ninayo, lakini haigusi ekseli. Pampu nilichagua ya zamani yenye waisha ya ngozi, maana ngozi ikikauka unaipaka mafuta na inarudi kazini.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni rula ya chuma. Mnyororo ambao haujachakaa hupima inchi 12 kamili kutoka pini hadi pini kwa pingili 24. Ukizidi kwa sehemu ya 16 ya inchi, nabadilisha. Ukifika sehemu ya nane, meno ya gia nayo huwa yameshaliwa.

Ninazozitafuta sasa ni spana nyembamba za 13 na 14 za kufungulia koni, zile nati zinazobana gololi ndani ya habu, kitovu cha gurudumu. Mpaka nizipate zinazoshinda tupa, kazi ya habu nampelekea fundi, mchana foleni ikishapungua.