Mafunda tisa Kamakura

Noti ya nne ndiyo iliyozua mjadala. Ilikuwa usiku wa kuamkia harusi ya mdogo wangu, nimekaa sakafuni kwenye fleti yake Yokohama, Japani, natia yen 40,000 kwenye bahasha ya zawadi. Akanishika mkono.

"Dada, siyo nne. Nne huku inatamkwa kama kifo."

Nikachomoa moja.

"Sasa mbona unapunguza? Ongeza."

Tukamalizia na tano, noti mpya zisizo na kunjo hata moja, ambazo alikuwa amezifuata benki mwenyewe. Tarakimu shufwa zina kasoro nyingine, akaniambia: ukizigawa mara mbili, kila mmoja anaondoka na chake. Witiri haigawanyiki sawa, lazima mabishano yabaki mezani. Bahasha ilikuwa imezungushiwa nyuzi za karatasi iliyosokotwa, nyekundu na nyeupe, kwa fundo ambalo ukivuta ncha zake linazidi kukaza. Zawadi ya mtoto aliyezaliwa hufungwa fundo jingine, la kitanzi, linalofunguka kirahisi, maana mtoto wa pili anakaribishwa. Harusi ya pili haikaribishwi.

Nilikuwa nimetoka Moshi siku mbili kabla. Mama magoti yalimkatalia safari, baba hatunaye, kwa hiyo ukoo mzima ulisafiri ndani ya sanduku langu: kitenge cha wifi, kahawa ya shambani, na maagizo ya mama ambayo sikuyaandika popote lakini ningeulizwa moja moja. Mdogo wangu ana miaka kumi na moja huko, ananunua magari kwenye minada na kuyapakia meli za Dar es Salaam. Ndoa yenyewe kisheria ilikuwa imeshafungwa wiki tatu nyuma, kwa kupeleka fomu dirishani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Hakuna aliyevaa hata tai. Sherehe ya hekaluni haina nguvu yoyote ya kisheria Japani, na nadhani ndiyo maana watu wanaifanya kwa makini vile.

Kutoka Yokohama hadi Kamakura, ilikofanyikia sherehe, ni kama dakika 25 kwa treni. Maharusi walitangulia alfajiri, kwa kuwa kumvisha bibi harusi ni kazi ya saa nyingi, nami nikapata nafasi ya kutembea peke yangu. Barabara kuu inatoka upande wa baharini ikinyooka hadi hekalu la Tsurugaoka Hachimangu, na katikati yake kuna njia iliyoinuliwa kwa mawe, imepandwa micheri pande zote mbili. Minamoto no Yoritomo, mtawala wa kijeshi aliyeufanya mji huu makao yake, aliijengesha mwaka 1182 akimwombea mkewe Masako ajifungue salama. Njia hiyo inazidi kuwa nyembamba kadiri unavyolikaribia hekalu, hivyo ukiitazama kutoka chini unaidhania ndefu kuliko ilivyo.

Ilikuwa Novemba, na uwanja ulijaa watoto waliovalishwa kimono, wakiburuta mifuko mirefu ya peremende. Nikadhani nao ni wa harusini. Kumbe ni mwezi wa kuwaleta watoto wa miaka mitatu, mitano na saba kuombewa. Tatu, tano, saba. Nilianza kuona kwamba nchi hii ina ugomvi wa kweli na namba zinazogawanyika.

Harusi za pale hufungiwa kwenye ukumbi wa ngoma, jengo lenye paa na nguzo lakini halina kuta, chini ya ngazi ndefu za mawe zinazopanda hekalu kuu. Maana yake ni kwamba yeyote aliyekuja kutembea siku hiyo anaweza kusimama uani akatazama. Pale ndipo wanapomkumbuka Shizuka, mcheza ngoma aliyelazimishwa kucheza mbele ya Yoritomo mwaka 1186 wakati mpenzi wake, Yoshitsune, ndugu wa Yoritomo, akisakwa auawe. Akacheza, ila akaimba kumlilia huyo huyo anayesakwa. Mahali pa kufungia ndoa, sikuelewa kwa nini pachaguliwe pale. Au labda nilielewa.

Wifi alitokea amevaa shiromuku, nyeupe tupu kuanzia kichwani, na kofia kubwa ya hariri iliyomfunika uso kiasi kwamba mimi niliyekaa ubavuni niliona ncha ya pua na midomo myekundu tu. Shangazi yake alinieleza kwamba nyeupe ni kitambaa kinachosubiri kutiwa rangi ya nyumba anakoenda. Nikamtazama mdogo wangu katika kimono nyeusi yenye nembo za familia, za kukodi kwa sababu sisi hatuna, nikajiuliza ni rangi gani hiyo anayoisubiri wifi. Ya migomba labda.

Filimbi zikalia, kuhani akatusafisha kwa fimbo ya karatasi nyeupe, akasoma dua ndefu kwa sauti ya kuimba. Kisha wakaja mabinti wawili wa hekalu, suruali pana nyekundu na shati jeupe, mmoja amebeba vikombe vitatu vilivyopandana, kidogo juu, kikubwa chini. Kusema vikombe ni kuvisifu tu, ni visahani vyekundu vya mbao, vifupi kama kifuniko cha sufuria. Hii ndiyo san-san-kudo: tatu, tatu, mara tisa.

Binti hakumimina sake kwa mkupuo. Aliinamisha birika mara moja, kidogo. Mara ya pili, kidogo. Ya tatu ndipo pombe ikashuka. Na mdogo wangu akafanya vivyo hivyo upande wake: midomo ikagusa, ikagusa tena, funda la tatu ndilo akameza. Kikombe kikaenda kwa wifi. Kikarudi. Kikaja cha kati, kikaanzia kwa wifi, halafu kikubwa. Hakuna aliyesema neno. Upepo ulikuwa unapita kati ya nguzo, na watalii uani walikuwa wameshusha simu zao, jambo ambalo sikulitegemea.

Kanisani kwetu kiapo kinatangulia, mengine yanafuata. Pale mdogo wangu alisoma kiapo baada ya vikombe, kwenye karatasi iliyokunjwa kama feni, na kwa jinsi alivyokisoma haraka niliona kwamba kwake jambo lilikuwa limeshakwisha.

Niliuliza maana ya vile vikombe kwa watu watatu nikapata majibu matatu. Mdogo wangu: wazee waliopita, wao wawili, na watoto watakaokuja. Shangazi: mbingu, ardhi na binadamu. Baba mkwe alisema ni tatu mara tatu, haigawanyiki kwa mbili, basi. Nikamkumbusha kwamba tisa nayo inatamkwa kama taabu, nilikuwa nimesoma hivyo kwenye ndege. Akacheka hadi akafuta macho, akamwita mkewe aje asikie.

Nilidhani pia nimeona kitu cha tangu enzi za Yoritomo. Sivyo. Kunywa kwa zamu ni desturi ya zamani ya nyumba za mabushi, wale wapiganaji wa kale, lakini watu walioana majumbani mwao. Ndoa ya hekaluni mbele ya kuhani ilienea baada ya mwanamfalme Yoshihito kuoa hivyo mwaka 1900. Reli ya Uganda ilikuwa bado inajengwa. Tena binamu wote wa wifi wamefunga ndoa kwenye vikanisa vya hoteli, kwa shela na ogani, na hakuna hata mmoja aliyebatizwa. Mlutheri pekee katika kundi lile, yaani mdogo wangu, ndiye aliyeishia mbele ya kuhani wa Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani.

Mwisho sisi ndugu wa pande zote tulimiminiwa, tunywe pamoja kwa mafunda matatu. Mimi nilimeza yote kwenye la kwanza. Mengine mawili nilikunywa hewa, na mama mkwe aliyenikabili akaziba mdomo kwa mkono wa kimono yake, mabega yakimtetemeka.

Usiku nikampigia mama. Alitaka kila kitu kwa mpangilio: chakula, nguo, walioninyima kiti na walionipa. Nilipofika kwenye sake akanikatiza. Kwetu mbege haikabidhiwi mgeni kabla ya anayekaribisha kuionja mwenyewe mbele ya watu.

"Nani alitangulia kuonja?"

"Mwanao. Ndipo akampa mkewe."

Akanyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa jirani ingawa huko ilikuwa mchana. Kisha akauliza kama nilibeba sweta.