Muuzaji alitaka kuleta fundi wake

Jamani, ile nyumba tunayotaka kununua huku Dallas, Texas, bado tunavutana na muuzaji. Ripoti ya mkaguzi ina picha kibao, hadi bawaba iliyolegea kaiandika. Mama watoto alitaka tudai kila kitu. Nikasema hapana, tudai vya pesa: paa lililopigwa na mvua ya mawe, tangi la maji ya moto linalovuja, na soketi za karibu na sinki zisizo na kinga ya kukata umeme.

Muuzaji akajibu ataleta fundi wake. Hapo nikagoma. Mtu anayehama atatafuta fundi wa bei chee abandike kiraka, mvua ikinyesha mimi ndiye wa kukinga ndoo. Tukaomba badala yake atupunguzie gharama za kufunga mauzo, yaani zile ada za kukamilisha ununuzi, fundi nimtafute mwenyewe. Hapa Texas mnunuzi hulipa ada ndogo apate siku za kujitoa bila kupoteza arabuni, na zetu zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo dalali wa muuzaji alijua hatutanii.

Mwishowe muuzaji kakubali kufidia tangi lote, paa nusu. Soketi kakataa katakata, eti nyumba ni ya zamani! Haya. Mwenye kumjua fundi wa paa mwenye bima, anitumie ujumbe.