Alhamisi yangu ina wenyewe

Niliondoka nikiwa na miaka 26, nimerudi nina 41. Sehemu kubwa ya miaka hiyo 15 niliitumia kwenye makao ya wazee ughaibuni: kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa kadhaa asipate vidonda vya kulalia. Mshahara wa kazi hiyo ndio niliokuwa nikiutuma nyumbani. Yaani nililea wazazi wa watu, na baba yangu mwenyewe nikamsikia akizeeka kwenye simu.

Alipofariki nilikuja, nikazika, na baada ya siku kumi nikawa nimesharudi kazini. Ni safari hii, niliporudi moja kwa moja, ndipo kijana mmoja wa jirani aliponifuata na kuanza kunisimulia habari za baba. Kumbe kila Alhamisi jioni alikuwa akija kumsomea gazeti, kwa sababu mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hakuna aliyemtuma. Gazeti likiisha, baba anamwambia, "Haya, lete daftari." Baba alikuwa seremala. Kijana alikuwa akifeli hesabu, na mzee asiyeona vizuri akamfundisha pembe kwa futi ya mbao na vidole: pima 3 upande huu, pima 4 upande ule, mshazari ukitoka 5 basi kona yako ni pembe mraba.

Nilimuuliza nimpe nini. Akanijibu, "Hapana, dada. Mimi mzee alinipa tatu, nne, tano."

Sikulala usiku ule. Kesho yake nilikwenda kujiandikisha kwenye kikundi cha hapa mtaani kinachowatembelea wazee wanaoishi peke yao, na nikaomba siku ya Alhamisi.

Ujuzi niliotoka nao huko haukupotea. Tuliondoa vijizulia vinavyoteleza, tukaweka taa kati ya kitanda na choo, kwa sababu mzee anayeamka usiku gizani ndiye anayeanguka na kuvunjika nyonga. Tuliwazoesha kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, maana ukiinuka ghafla shinikizo la damu linaweza kushuka na kizunguzungu kikakupiga chini. Vijana nao niliwakataza kupiga kelele. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na mtu akipaza sauti mara nyingi anaifanya nyembamba zaidi. Kaa mbele yake, aone mdomo wako, shusha sauti iwe nzito, sema polepole. Bibi mmoja tuliyeambiwa "haelewi tena" alikuwa anaelewa kila kitu.

Lakini jambo kubwa nililifundishwa na sindano.

Kuna bibi ambaye alikuwa akiishi kwa cherehani na sasa mikono yake inamtii, ila macho hayaoni tundu la sindano. Nilimpeleka binti mmoja aliyemaliza shule na hana kazi, eti akamfulie na kumfagilia. Bibi alikubali kufuliwa huku amenuna. Wiki ya tatu akamwambia, "Mwanangu, acha hizo nguo. Nitungie sindano." Binti akatunga moja, kisha akafikiri, akatunga kumi, akazichomeka kwenye kitambaa kimoja, kila moja na uzi wake, ili bibi azitumie mpaka Alhamisi nyingine. Bibi alizishika moja moja kana kwamba anahesabu pesa. Kisha akavuta sketi ya yule binti pale pale alipokaa, akamwonyesha pindo lake lilivyokaa ovyo, akaanza kulifumua.

Tangu siku hiyo sipangi tena orodha ya wanaosaidia na orodha ya wanaosaidiwa. Nauliza tu: huyu anajua nini, na yule anataka kujua nini? Kalenda ya Umoja wa Mataifa ina siku ya vijana tarehe 12 Agosti, ya wazee tarehe 1 Oktoba, na ya wanaojitolea tarehe 5 Desemba. Ni siku nzuri, lakini mimi natamani hawa wote wakae chumba kimoja siku za katikati ambazo hazina jina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ifikapo 2030 mtu 1 kati ya kila 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Watu wote hao wana kitu mikononi, na kijana akikosa wa kumwonyesha, kitazikwa nao.

Mambo machache siyalegezi. Tunakwenda wawili wawili na mlango unabaki wazi. Namba ya siri ya simu au ya benki hatuiulizi hata mzee akitubembeleza tuichukue. Tunamsubiri aibonyeze mwenyewe. Tukitumwa dukani, risiti na chenji vinawekwa mezani mbele yake. Hii humlinda mzee, na kijana pia asije akasingiziwa.

Na kufika. Mwezi wa pili nilikosa Alhamisi moja bila kutoa taarifa, nilikuwa na shughuli zangu. Nilipofika wiki iliyofuata, babu mmoja hakunilaumu. Jirani yake ndiye aliyeniambia kwamba alinyoa ndevu asubuhi, akavaa shati la kutokea, akakaa mlangoni mpaka jua likazama. Nilimwomba msamaha kwa kupiga magoti. Bora usiahidi kabisa kuliko kumkalisha mtu mlangoni hivyo.

Wiki iliyopita binti alikuwa kwenye usaili wa kazi ya ushonaji. Nilikwenda mimi kwa bibi na mwenzangu. Kwenye kile kitambaa zilikuwa zimebaki sindano mbili zenye uzi. Nilivaa miwani, maana na mimi sasa siioni bila hiyo, nikaketi karibu na dirisha kuzitunga nane zilizobaki. Ya tano ilinisumbua. Bibi akanyoosha mkono, akauchukua uzi, akaulowesha kwa mate na kuubana bapa kwa kucha, akanirudishia.

"Jaribu sasa," akasema.