Neno moja, mkono na maji

Jana nilimkuta binti yangu wa gredi ya nne ameinamia daftari la Kiingereza, machozi yanamlengalenga. Alikuwa ametafsiri kwamba mvulana "alimpa nyanya yake wimbi," na mwalimu akapitisha kalamu nyekundu. Neno lenyewe lilikuwa "wave."

Sikutaka kumweleza pale mezani. Tulipanda boda hadi Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Wavuvi wa omena walikuwa wanaingia ziwani na taa zao, na mmoja aliyesimama nyuma ya mashua akatupungia mkono, polepole, kushoto kulia, kama mtu anayefuta kioo. Nikamwambia, huo mkono ni "wave." Na yale maji yanayopiga ubao wa mashua, "wave" pia. Akatazama mkono, akatazama maji, akarudi kwa mkono.

"Mama, kumbe vyote vinaenda na kurudi!"

Jamani, nilimkumbatia. Ndivyo hasa lilivyo: kwa Waingereza neno la kupunga ndilo la kale, la maji lilitokana nalo baadaye. Sisi tumeyatenga, wimbi huku, kupunga kule, na kupunga kwetu kumebeba mengine: twapunga upepo, na waganga walipunga pepo. (Lile la kusamehe ada hospitalini, "waive," linalosikika vilevile ila huandikwa tofauti, nimeliacha kwa siku nyingine.)

Giza lilipoingia, taa za mashua zikawa nukta tu. Yeye bado alikuwa anapunga, akisema oriti, oriti, kwaheri ya Kijaluo.